Maji machafu ya kiwanda kidogo cha juisi Dar: naomba kibali kwa nani, DAWASA, NEMC au watu wa Bonde?

Mama Ukwaju:

Habari za jioni wadau, naombeni msaada kwa wanaojua haya mambo. Nina biashara ya juisi, nilianza nyumbani na blenda, saivi nasambaza madukani na kwenye kantini za maofisi, embe, ukwaju, pasheni na tende kidogo. Nimepata eneo la kupanga upande wa Vingunguti, lilikuwa stoo ya mtu, lina umeme wa fezi tatu na maji ya DAWASA yanatoka vizuri. TBS nimeshaanza nao, SIDO wamenipa barua, huko sina shida kabisa.

Shida ni maji machafu. Msimu wa embe nikipiga hesabu tutakuwa tunamwaga kama lita elfu nne hadi elfu tano kwa siku, maji ya kuoshea matunda, maji ya kuoshea matangi na mashine (tunatumia kostiki soda halafu klorini) na mabaki ya juisi yenyewe. Choo kina karo lake, hicho sina wasiwasi nacho. Mwenye eneo ananiambia mama usijisumbue, toboa ukuta hapo nyuma peleka mtaroni, wote hapa ndo wanavyofanya. Na kweli nimeenda kuchungulia nyuma, kuna bomba la jirani limetokeza ukutani, chini yake mtaro umekuwa wa bluu na povu limeganda pembeni kwenye majani, na ule mtaro unashuka mpaka Msimbazi. Kule bondeni watu wanalima mchicha na matembele, mchicha ambao mimi mwenyewe naununua sokoni Buguruni nawapikia wanangu, kwaiyo roho inakataa kabisa.

Sasa nimeuliza mtu wa jiji akaniambia hayo ni ya NEMC (baraza la mazingira), anayenisaidia makaratasi anasema DAWASA ndo wenye majitaka, mwingine kaniambia kuna watu wa Bonde na bila wao nitafungiwa. Naomba kujua nianze na nani, na kwa kiwanda kidogo kama changu kuna njia gani ya kuyasafisha haya maji bila kuuza kila nilichonacho? Asanteni sana.

---

Fundi wa Tope:

Mama Ukwaju hongera kwa kuuliza kabla hujatoboa ukuta, wengi wanakuja kuuliza wakishapigwa faini. Mimi nimefanya kazi miaka mingi upande wa mtambo wa majitaka kwenye kiwanda cha nguo, sitakitaja jina, ila haya mambo nayajua kwa mikono.

Kabla ya kuuliza nani anatoa kibali jiulize maji yako yanaishia wapi, maana jibu liko hapo. Yakiingia kwenye bomba la majitaka la DAWASA ni ridhaa ya DAWASA. Yakiingia mtoni au ardhini, hata kama yamepitia mtaroni kwanza, ni kibali cha kutiririsha kutoka Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu, hiyo ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Msimbazi uko chini yao japo watu wengi wakisikia Wami/Ruvu wanafikiria ni mambo ya Morogoro huko. NEMC wao wanasimamia mazingira yote kwa Sheria ya 2004, kwaiyo uende bombani au mtoni utakutana nao tu, watataka mradi usajiliwe na upangwe daraja kulingana na ukubwa na madhara, kanuni zilirekebishwa 2018 na miradi midogo haibebeshwi tena tathmini nzito kama ya kiwanda cha saruji. Usikubali mtu akuuzie tathmini kubwa kabla NEMC hawajakwambia uko daraja gani.

Mtu wa jiji hajakudanganya sana, ila kakuachia njiani. Zamani majitaka ya Dar yalikuwa idara ya Halmashauri ya Jiji, maji safi yako NUWA (mamlaka ya maji mijini ya wakati huo), 1997 wakaunganishwa ndo ikazaliwa DAWASA. Ikaja kampuni binafsi ya City Water 2003, serikali ikavunja mkataba 2005, ikaja DAWASCO, halafu 2018 DAWASCO na DAWASA wakawa kitu kimoja. Kwaiyo leo majitaka si ya jiji, ni mamlaka iliyo chini ya Wizara ya Maji na eneo lake linavuka Dar, Kibaha, Bagamoyo, Chalinze, Mkuranga na Kisarawe wote humo, na bei zao zinaidhinishwa na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji). Jiji (Ilala ndo Jiji la Dar es Salaam tangu 2021) limebaki na maafisa afya na maafisa mazingira, na hao wana uwezo wa kukuandikia notisi wakikuta unamwaga ovyo. Mitaro ya barabarani mingi iko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini). Yaani mtaro mmoja una watu wanne wa kuuangalia, na ndo maana bomba la bluu la jirani yako linaishi hapo kwa amani, kila mmoja anaamini mwenzake kashaliona.

Na hapa naomba uelewe vizuri, mtaro wa mvua HAUENDI kwenye bwawa lolote la kusafisha. Kinachoingia ndo kinachofika mtoni na ndo kinachotokea baharini pale daraja la Salenda. Mwenye eneo anaposema "peleka mtaroni" anasema peleka baharini kupitia kwenye mchicha.

Sasa maji yako yana nini. Watu wanadhani juisi ni matunda tu haina madhara, wanaogopa rangi na kemikali. Sukari ya matunda ndo chakula kitamu kuliko vyote kwa bakteria, ikifika mtoni wanaivamia wanazaliana na wanatumia oksijeni yote iliyokuwa ya samaki, maji yanageuka meusi yananuka mayai viza. Kipimo chake ni BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria wanaitumia kula uchafu uliomo kwenye maji. Kiwango chetu kwa maji yanayoruhusiwa kuingia kwenye mazingira ni BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni ya kuuunguza uchafu huo kwa kemikali) 60, chembe ngumu zilizomo ndani ya maji 100, pH (kipimo cha asidi na alikali) kati ya 6.5 na 8.5. Majitaka ya nyumbani mara nyingi yako kwenye 200 mpaka 400 huko, maji ya kiwanda cha juisi yanakwenda maelfu. Kwaiyo kwa uzito wa uchafu lita zako elfu nne si maji ya familia moja, ni kama ya mtaa. Na pH ndo usiseme, ukwaju unakuja na 3, kostiki inakuja na 12 au 13, asubuhi unachoma na asidi jioni unachoma na alikali.

Kitu kizuri ni kwamba hayo mawili yanatibiana. Ukiwa na tangi moja la kukusanyia, maji ya matunda na maji ya kostiki yote yakaingia humo yakakaa na kuchanganyika, pH inakuja katikati yenyewe, unabaki kurekebisha kidogo tu. Hilo tangi ndo kitu cha kwanza kununua, simtank la kawaida la plastiki linatosha kuanzia, na kipima pH cha mkononi. Kabla ya tangi weka chujio la wavu kushika kambakamba za embe.

Ila kabla hata ya tangi, fagia. Nasema kwa herufi kubwa, FAGIA kwanza ndo umwage maji. Maganda, kokwa na ute wa embe uliobaki mezani ukusanywe kwa mpapuro ukiwa mkavu uingie kwenye ndoo, wafugaji wa nguruwe watakuja kuchukua wenyewe. Juisi iliyobaki kwenye tangi usiifungulie, ikinge. Maji ya suuza ya kwanza ndo yenye sukari karibu yote, yakinge pembeni, ya pili na ya tatu ni mepesi. Nimeona kiwanda kinapunguza uchafu wake nusu na zaidi kwa ufagio na ndoo tu, hakijanunua mashine yoyote.

---

Dereva wa Majitaka:

Mimi naendesha gari la kunyonya majitaka, nachangia kwa upande wangu. Mama kuna watu watakwambia chimba shimo kubwa halafu uwe unaita gari, kwa lita elfu tano kila siku hiyo hesabu haitakulipa, itakuwa gari moja karibu kila siku na kule mabwawani napo kuna malipo ya kumwaga. Gari liwe la dharura tu au la kutoa tope kwenye tangi lako mara moja moja.

Halafu kitu kingine, usichanganye maji ya kostiki na karo la choo. Nimenyonya makaro ya sehemu zenye sabuni kali na klorini nyingi, tope halijaoza hata kidogo, limekaa vilevile kama lilivyoingia, kwasababu wale wadudu wa kulioza wamekufa wote. Karo la hivyo linajaa haraka mno na kila mara unaita gari unashangaa kwanini.

Na mabwawa yenyewe ni hivyohivyo ndugu zangu, watu wanayaona ni madimbwi tu. Bwawa zuri ni la kijani, ule mwani ndo unaleta oksijeni ya kula uchafu. Ukiona bwawa limegeuka zambarau au jeusi linanuka mpaka barabarani ujue limezidiwa, ama limemwagiwa mzigo wa kiwanda. Sisi madereva ukiwa unarudi rivasi pale kwenye sehemu ya kumwagia unaliona kabisa leo bwawa linaumwa. Mabwawa mengi ya Dar ni ya miaka ya sitini na sabini, Vingunguti, Kurasini, Mikocheni, Lugalo, mji ulikuwa mdogo, sensa ya 2022 imekuta watu milioni 5.38 hapa, na wengi hawako kwenye bomba la majitaka, wako kwenye karo na vyoo vya shimo. Mvua zikianza wapo wanaotapisha vyoo kwenye maji ya mafuriko, na kule gari lisikofika wanaingia vyura (watu wanaotapisha vyoo kwa mikono) na ndoo. Kwaiyo bwawa linabeba mzigo mkubwa tayari, mtu wa kiwanda akileta mzigo wake bila kuusafisha kwanza anawaharibia wote.

---

Mkazi wa Bondeni:

Naomba niongee kama mtu anayekaa karibu na Msimbazi. Huu mto unaanzia kule milima ya Pugu Kisarawe, juu kabisa maji yake ni masafi, ukishuka mpaka huku kwetu umeshabeba machinjio, magereji, viwanda, na vyoo. Wataalamu wameshapima mboga za huku wakakuta madini mazito kama risasi, haya si maneno ya mtaani. Wanaolima si wabaya, wana familia na hakuna maji mengine ya kumwagilia kiangazi.

Nakubaliana na Fundi lakini nina kinyongo na namna sheria inavyotembea. Mama kama huyu akikosea wiki moja atapigiwa kufuli, wakati huohuo kuna mabomba makubwa yanafunguliwa usiku mvua ikinyesha na kila mkazi anayajua. Sampuli zinachukuliwa saa nne asubuhi siku ya kazi na kila mtu anajua gari la ukaguzi linaingia saa ngapi. Saivi kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, Benki ya Dunia waliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, watu wamefidiwa kuhama Jangwani, daraja linainuliwa, bustani itakuja, sawa kabisa na tunaushukuru, lakini maji yatakayopita katikati ya hiyo bustani yatakuwa yaleyale kama huko juu Vingunguti mabomba ya ukutani hayajazibwa.

---

Fundi wa Tope:

Mkazi hapo umesema ukweli na naongezea, hilo la usiku linajulikana, na dawa yake si kuongeza wakaguzi wa saa nne, ni kupima kwa kukusanya sampuli kidogokidogo saa ishirini na nne zima, na kupima tope la chini ya bomba. Maji yanapita yanasahau ila tope linatunza kila kitu, ukichota tope pale chini ya bomba la bluu utakuta historia ya mwaka mzima. Wakaguzi wanaojua kazi wanaanzia hapo.

---

Mwangi wa Ruai:

Salamu kutoka Nairobi, wacha niwaambie huku kwetu iko aje labda itasaidia. Huku sewer iko chini ya kampuni ya kaunti, Nairobi City Water and Sewerage Company, lakini mitambo mikubwa inajengwa na Athi Water, na WASREB ndio wanaangalia bei na huduma. Maji taka mengi ya mji yanakuja huku Ruai kwa mabwawa ya Dandora, kiasi kingine kinaenda Kariobangi.

Kwa viwanda, kanuni zetu za ubora wa maji za 2006 ziliweka majedwali mawili tofauti na hapo ndipo watu hukosea. Ukimwaga kwa mto BOD ilikuwa 30 na COD 50. Ukimwaga kwa sewer ya kampuni uliruhusiwa mpaka BOD 500 na COD 1000, kwa sababu bado kuna mabwawa mbele ya kumalizia kazi. Kwa hivyo mtu mdogo kama Mama Ukwaju, kusafisha mpaka ufike 500 ni kitu unaweza, kusafisha mpaka 30 peke yako ni gharama ingine kabisa. Kama kuna laini ya sewer hapo karibu, pigania hiyo laini. Na hata kwa sewer kuna vitu haviruhusiwi kabisa, huwezi kuachilia acid ama mafuta ati kwa sababu umelipia, hiyo inakula bomba na inaua bakteria wa mabwawa.

Sisi tuko na shida kama yenu, Nairobi River inaingia Athi na inateremka mpaka Malindi, watu wa Machakos na Makueni ndio wanakunywa makosa ya Industrial Area.

---

Mama Ukwaju:

Nashukuru sana jamani, yaani nimejifunza mambo ambayo hakuna ofisi iliyonieleza. Leo nimetembea ile barabara nzima nikakuta mifuniko ya chemba mitatu ya zege, mmoja una maandishi yamefutika, na fundi mmoja mzee wa pale anasema ni laini ya majitaka inaenda mabwawani. Iko kama mita sitini kutoka geti langu. Mwenye eneo alikuwa hajui hata kama ipo. Sasa nikienda DAWASA niende na nini mkononi ili wasinizungushe? Na kama watakataa nifanyeje?

---

Fundi wa Tope:

Safi sana, mita sitini ni karibu. Kwanza usimwamini mzee peke yake, omba DAWASA waje kufungua chemba wathibitishe ni majitaka si mvua na kama laini inapita vizuri haijaziba, maana laini za pale ni za zamani. Nenda ofisi ya mkoa wa kihuduma wa eneo lako uandike barua ya kuomba kuunganishwa kama mteja wa viwanda, usijiandikishe kama nyumba ya kuishi ili ulipe kidogo, sheria ya huduma za maji ya 2019 hairuhusu kuingiza majitaka ya kiwanda bila ridhaa yao na wakikukuta umejificha kama makazi watakukatia.

Mkononi uwe na mchoro mdogo hata wa kalamu unaoonyesha matunda yanaingia wapi, maji yanatumika wapi, chujio liko wapi, tangi liko wapi na bomba linatokea wapi. Uwe na kiasi cha maji kwa siku, siku ya kawaida na siku ya msimu, toa kwenye bili usibuni. Uwe na orodha ya kemikali na kiasi unachotumia kwa wiki. Na uwe na majibu ya maabara. Pale nyumbani bado unazalisha si ndio? Basi chukua maji yako ya sasa yapimwe, maabara ya maji ya Wizara pale Ubungo wanapima, na Mkemia Mkuu wa Serikali pia. Ukiingia ofisini na karatasi ya maabara mazungumzo yanabadilika kabisa, wanaacha kukukisia.

Waombe pia wakujengee au wakuruhusu kujenga chemba ya kuchukulia sampuli nje ya ukuta wako, kabla ya kuungana na laini kubwa. Wengine wanaikwepa, wewe itake. Siku laini ikiziba ikafurika maji ya bluu, ile chemba ndo itaonyesha kwamba si wewe.

Wakikataa kwasababu laini haibebi, ndo unarudi kwenye kibali cha Bonde na hapo itabidi usafishe mpaka mwisho. Kwa maji yenye sukari usikimbilie mashine za kupulizia hewa, umeme utakumaliza. Tangi la kufunikwa lenye vyumba vyumba ambalo bakteria wasiohitaji hewa wanakula sukari, halafu kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya utafiti wa matete muda mrefu na wana mabwawa yao wenyewe, kawatembelee. Kinahitaji eneo, hilo ndo tatizo la Vingunguti, kwaiyo usisaini mkataba wa miaka mingi kabla DAWASA hawajajibu kuhusu laini.

---

Mama Ukwaju:

Mkataba nimeusimamisha leo, nimemwambia mwenye eneo nalipia nikipata jibu la DAWASA kwa maandishi. Swali la mwisho kabisa, hiyo sampuli nachukuaje? Nisije nikapeleka kitu wakanirudisha.

---

Fundi wa Tope:

Pita maabara kwanza wakupe chupa zao, kila kipimo kina chupa yake. Usichukue maji ya asubuhi peke yake wala ya kuoshea matangi peke yake, siku ya uzalishaji kinga kidogo kila saa kwenye ndoo safi yenye mfuniko iliyokaa kwenye barafu, jioni koroga ndo ujaze chupa, ijae mpaka juu isibaki hewa. Andika saa na tarehe, iweke kwenye boksi la kupozea na barafu ifike maabara kesho yake asubuhi na mapema, na usianze siku ya Ijumaa, utakosa wa kuipokea. BOD inachukua siku tano mpaka majibu, hakuna njia ya mkato, ukimpata anayekupa kesho yake usimlipe. pH pima mwenyewe hapohapo ukiwa unakinga, na uiandike kila saa kwenye daftari, ile orodha ya pH nayo wapelekee DAWASA.

---

Dereva wa Majitaka:

Na vaa glavu na miwani ukiwa unakinga maji ya kostiki, jicho halirudi.